Nusu Niliyoing'oa

Shangazi yangu hakuweza kuvumilia ardhi tupu. Hata ndoo iliyotoboka pale kibarazani aliijaza udongo akapanda choroko. Watu wakamwita Mama Mchanganyiko, kwa sababu katikati ya mihogo yake palikuwa na kunde, na aliyepita njiani alidhani mwenye shamba ameshindwa kupalilia. Jina hilo alilipenda. Alisema ni afadhali kuliko lile walilompa kwanza, Mjane.

Mihogo aliipanda kwa mistari yenye nafasi pana. Baada ya wiki mbili aliingiza kunde, zile za kusimama. Za kutambaa aliwahi kuzijaribu mwaka mmoja, zikaparamia mihogo mpaka shingoni. Kunde zikishavunwa, hang'oi mashina. Anayakata kwa kisu usawa wa ardhi, majani anayalaza palepale na mizizi inabaki chini. Mbegu za msimu ujao alizichanganya na majivu, akazifungia kwenye dumu na kulisukuma chini ya kitanda, upande wa kichwani. Mimi niliyelala naye kitanda hicho nakuambia, dumu lile lililindwa kuliko sisi.

Nilikuja kwake na begi moja mwaka niliopewa talaka. Hakuniuliza kitu. Alinionyesha jembe la pili lilipo.

Shamba lilikuwa la marehemu mumewe, na shemeji yake, mdogo wa marehemu, alilitaka. Sisi tulimwita Bwana Usafi. Uani kwake hata jani halikuthubutu kuanguka. Aliwaambia ndugu kwamba ardhi imechoka na mjane ameijaza takataka. Ndugu wakakata shauri: mihogo ikikomaa, wote watakwenda kuichimba. Ikiwa haina kitu, shamba ni la shemeji. Shangazi hakuwa na lingine, wala mtoto wa kumpokea. Alikuwa na mimi, na mimi nilikuwa mzigo.

Sasa kosa langu. Kunde zilikuwa zimefika magotini, ndiyo kwanza zinatoa maua. Shangazi alikwenda kliniki kupima presha. Bwana Usafi akapita, akasimama mpakani, akanieleza kwa upole kabisa kwamba kama nampenda shangazi yangu nisafishe shamba kabla ndugu hawajaliona, watamhurumia. Nami, mtu mzima mwenye akili zangu, nikaingia kung'oa. Kufikia saa sita nilikuwa nimeshamaliza nusu, na udongo unang'aa. Nilijiona nimefanya la maana.

Shangazi alirudi, akasimama na kadi yake ya kliniki mkononi. Aliokota kunde moja, akaipangusa mizizi na kunionyesha vinundu vidogo vilivyoishikilia.

"Hivi ndivyo vinavyoilisha mihogo," alisema. "Umefika katikati. Basi, acha hapo."

Hakunisuta tena. Angenitukana ningepumua. Jua lilipokuja, upande wangu ulipasuka nyufa, mvua chache zilizofuata zikaleta magugu matupu, na mihogo ikasimama myembamba na majani ya njano. Upande wa pili ulibaki kijani. Kila asubuhi nilipita katikati ya aibu yangu na jembe begani.

Siku ya kuchimba walikuja ndugu sita. Bwana Usafi hakutaka kuchafua viatu kwenye majani makavu, akaenda moja kwa moja upande niliousafisha mimi. Akavuta shina la kwanza. Muhogo ulitoka kama kidole. La pili, vivyo hivyo. La tatu alilivuta huku akiwatazama ndugu badala ya kulitazama shina. Nikasema kwa sauti kwamba upande huo niliuharibu mimi, na nani aliyenituma.

Shemeji akasema mimi ni mgeni, nisiingilie ya ukoo.

"Mwacheni," shangazi alisema. "Shemeji, hapo umechimba ulipolima wewe. Sasa njoo uchimbe nilipolima mimi."

Alikwenda, maana ndugu walikuwa wanamtazama. Akavuta, shina likagoma. Akapanua miguu, akavuta tena, mpaka kaka yake mkubwa akaja kumsaidia. Udongo ulifumuka na mihogo minne minene kama mapaja ya mtoto. Yule kaka mkubwa alijipangusa mikono na kusema shamba libaki kwa mwenyewe.

Jioni Bwana Usafi alirudi peke yake, viatu vina udongo. Alikohoa mlangoni, akaomba kikombe kimoja tu cha mbegu. Mimi nilitaka kumfukuza. Shangazi aliinama, akalivuta dumu na kumpimia vikombe viwili, majivu yakamjaa shemeji kifuani.

Alipokwisha kuondoka, shangazi alinipa dumu nilirudishe chini ya kitanda.

"Uliweke upande wako wa kitanda," alisema. "Mwakani ile nusu utailima wewe."