Kumtafuta Mwandishi wa Kule Brussels

Ukurasa wa tatu wa gazeti letu ulinitia haya. Wa kwanza ulikuwa na habari za mji, wa pili ndoa na vifo, wa nne mpira. Wa tatu ulikuwa wa serikali ya Ubelgiji, na wote ulitoka kwa Wazungu wenyewe: ofisi yao ya habari ilitutumia makaratasi ya Kifaransa, sisi tukayageuza Kiswahili, basi. Kila juma Waziri wa Makoloni alikuwa ameridhika na hali ya Kongo. Mimi ndiye niliyepanga herufi za risasi pale tulipopigia chapa, na neno "ameridhika" sikulivunja tena. Nililifunga kwa uzi nikaliweka kando, maana nilijua juma lijalo litaombwa.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilisoma miaka sita tu kwa Mapadri, lakini nilikuwa na ndoto nyingi kuliko masomo, na mdomo wangu haukujua kukaa.

"Yaya," nilimwambia mkubwa wa gazeti siku moja, maana kwetu kaka mkubwa ni yaya, "kule Brussels banasema juu yetu kila siku. Siye hatuna hata muntu mumoja wa kusikia?"

Yeye alikuwa mtu wa Kasai, karani asubuhi na mhariri mchana, asiyevua tai hata jua likipasua mawe. Alikuwa ameomba ile kadi ambayo serikali ilimpa Mwafrika iliyemwona amestaarabika, na wakaguzi walikwisha kufika nyumbani kwake kuangalia kama watoto wanakula kwa uma. Kwa hiyo alipenda mambo yasiyo na kelele.

"Muntu gani, mudogo? Hatuna cha kumupa."

"Tutamupa gazeti. Na jina nzuri."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto anayetaka kupanda mwezi. "Tafuta. Mvua ikiisha hujapata, tunaendelea na makaratasi ya bureau, na usinisumbue tena."

Nikatafuta. Kwanza nilimwandikia mwanafunzi mmoja wa Kibelgiji ambaye Padri alinipa anwani yake. Akajibu upesi, kwa moyo mwema kabisa, kwamba atafurahi kutuandikia, ila kwanza tumtumie jino la kiboko. Wa pili alikuwa kijana wetu aliyekuwa akisomea upadri kule. Alisema mkubwa wake hamruhusu mambo ya siasa, akatia ndani ya bahasha picha ya mtakatifu. Wa tatu alikuwa baharia wa meli za bandari yetu ya Matadi. Huyo alikubali! Nililia kwa furaha mbele ya posta. Habari yake ya kwanza ikafika: kurasa tano juu ya mashindano ya baiskeli katika mitaa ya Antwerp, nani alianguka kwenye kona, nani alitemea nani mate. Serikali, alisema, hajaiona, maana meli inakaa siku chache tu na bandarini haipiti.

Mkubwa alisoma akacheka mpaka akalegeza tai. "Weka kwa ukurasa wa mpira."

Mama yangu ndiye aliyenifungua macho. Alikuwa akichuja munkoyo uani, kinywaji chetu cha mahindi, akasikia nalalamika.

"Unatafuta mwanaume tu," akasema. "Na binti wa hapa ng'ambo ya njia? Hayuko Brussels?"

Kweli, alikuwako. Familia yao ilitoka kaskazini, Wakatoliki, baba mtu wa reli. Masista walimfundisha kusoma na kuandika, na mwaka uliotangulia injinia mmoja na mke wake walimchukua kwenda nao Ulaya kulea watoto wao. Tulikuwa tumepishana njiani mara mia na sikuwahi kumfikiria kama mwandishi. Hiyo ni aibu yangu, naiandika hapa.

Nilimwandikia siku ile ile. Jibu lake lilikuwa fupi: kila siku anawapeleka watoto kwenye bustani ya miti mikubwa, na ng'ambo ya bustani ndiyo nyumba ya baraza ambamo wakubwa wanazungumza. Alhamisi watoto wanakwenda kwa bibi yao, naye yuko huru mpaka saa kumi na moja. Angejaribu. Lakini Madame asijue, kwa maana siku Madame akijua, yeye atarudishwa Kongo kwa meli ya kwanza, na ile karatasi ya shule ya uuguzi aliyoahidiwa akimaliza miaka miwili itachanwa. Aliandika mara mbili katika ukurasa mmoja: "Jina langu lisionekane."

Habari yake ilifika mvua za mwisho zikinyesha. Niliisoma nimesimama, mgongo kwenye mashine. Ilianza na salamu, kama barua ya mtu mwenye adabu. Alimsalimu mama yake na mguu wake uliovimba, akawasalimu mapacha wa dada yake, akawasalimu majirani wote mpaka kisima. Halafu akasema:

"Niliingia. Askari wa mlango akauliza natafuta nani. Nikasema, natafuta kusikia. Akacheka, akanionyesha ngazi. Viti vyao ni vya kijani. Walikuwa wakizungumza juu ya maziwa ya wakulima wao, na viti vilijaa, watu wakipiga meza. Kisha mkubwa wao akasema sasa ni Kongo. Wengi wakasimama wakatoka, kama wanaume wanavyotoka misa Padri akianza mahubiri. Nikahesabu waliobaki: kumi na tisa. Mmoja alikuwa akimenya chungwa. Alimenya vizuri, ganda halikukatika. Waziri akasema wenyeji wa Kongo wameridhika. Nikatazama kulia na kushoto. Mwenyeji wa Kongo katika nyumba ile nilikuwa mimi peke yangu, na hakuna aliyeniuliza."

Mkubwa aliisoma mara tatu.

"Hii chungwa itoke," akasema.

"Yaya, chungwa njo habari yenyewe."

"Utanifungisha, weye mutoto."

"Lakini iko kweli."

Akaenda dirishani, akarudi. Nilijua anafikiri juu ya kadi yake. Mwishowe akasema polepole, "Chungwa ibaki. Uandike chini: Wa Kwetu."

Jina lake sikuliweka. Hapo nilikuwa mwangalifu. Lakini salamu? Salamu nilizipanga zote, neno kwa neno, mguu wa mama na mapacha pamoja. Haikunipitia kichwani kuzikata. Kwetu, barua isiyo na salamu ni kama mtu anayeingia nyumbani kwako bila hodi na kukaa kitandani. Mimi nilifikiri namheshimu.

Gazeti lile lilisomwa kwa sauti mpaka Kasungami, nje ya mji. Sokoni, mwanamke akimenya chungwa, mwenzake alimuuliza, "Ee Bwana Mkubwa, sisi banyeji tunaendelea namna gani?" Siku ya nne tukaitwa, mkubwa na mimi, kwa Mzungu aliyesimamia mambo ya magazeti.

Alikuwa na gazeti mezani, na alikuwa amepiga mstari mwekundu. Nilidhani chini ya chungwa. Niliponyoosha shingo nikaona mstari uko chini ya salamu.

"Mama na mguu mbaya," akasema kwa Kiswahili chake cha amri. "Mapacha. Polisi wangu iko napata huyu siku mbili. Ao wewe nasema sasa. Nani naandika?"

Mkubwa wangu alitazama sakafu. Yeye hakujua ni nani. Nilimficha hata yeye. Jina lilikuwa kichwani mwangu tu, na mguu ule uliovimba ulikuwa ng'ambo ya njia tu.

"Ni miye, Bwana," nikasema. "Ile mama ni mama yangu."

"Wewe? Wewe nafika Brussels siku gani?"

"Sijafika, Bwana."

"Viti ya baraza iko rangi gani?"

"Kijani."

"Nani iko kwa mlango?"

"Askari. Anacheka. Anaonyesha ngazi."

Akaniuliza tena hili na lile, nami nikajibu yote, kwa sababu barua ile niliijua kama Baba Yetu. Mwisho nikaona anauliza tu, hasahihishi. Nikasahau woga.

"Bwana, nimekosea wapi? Bwana mwenyewe ulikuta viti rangi gani?"

Sikio lake likawa jekundu. Alikuwa mtoto wa shamba kule kwao, baadaye nilisikia, na ndani ya nyumba ile hakuwahi kukanyaga. Mkubwa wangu alikohoa. Mpaka leo naamini ilikuwa kicheko.

Ndipo Mzungu akapata njia. Alivuta karatasi akaandika, akanisukumia. Ilisema kwamba mimi, mpanga herufi, nilitunga uongo ule kichwani mwangu, na kwamba baraza lilikuwa limejaa. "Weka saini. Gazeti naandika hii juma ijayo. Mambo naisha. Mimi hapana tafuta mama."

Hapo nilishikwa. Nikiweka saini, binti yuko salama, lakini macho yake yote, Alhamisi yake, zile ngazi alizopanda peke yake, vinakuwa uongo wa kijana mmoja wa cité, mtaa wetu wa Waafrika. Nikikataa, polisi wanahesabu miguu ya akina mama. Mkono wangu ulishika kalamu. Nakiri, uliishika.

Nikaiweka chini.

"Niliandika miye, Bwana. Na ni kweli."

"Hujafika!"

"Ndiyo, sijafika. Na ni kweli."

"Haiwezekani zote mbili!"

"Ndiyo, Bwana."

Alipiga meza. Akamgeukia mkubwa wangu: basi wewe weka saini, wewe ni mtu wa akili, kadi yako iko hapa katika dawati langu. Yule mtu wa tai alisimama. Akasema kwa Kifaransa safi, kile cha kwenda nacho kanisani, kwamba mpanga herufi wake amekiri kuandika, kwa hiyo hakuna mwingine wa kutafuta. Na kwamba ukweli wa maneno unaweza kuulizwa Brussels kwa simu ya waya, kama Bwana anataka kuwauliza wakubwa wake ni wangapi waliokuwa wamekaa siku ile.

Bwana hakutaka kuwauliza.

Tulitoka nje jua la saa sita. Mimi nilikatazwa kugusa herufi za gazeti lolote. Kadi yake haikutoka, mwaka ule wala uliofuata. Alitembea mbele yangu hatua nyingi, kisha akasema bila kugeuka, "Mudogo, ile salamu. Punda weye." Na akacheka, safari hii wazi, mpaka wapita njia wakamtazama.

Polisi hawakuja kwetu. Nadhani Mzungu aliogopa kumpata mtu ambaye kweli alihesabu. Barua za Alhamisi ziliendelea kufika, bila salamu sasa. Tulizisoma kwa sauti Jumapili baada ya misa, uani kwa mama yangu, watu wamekaa mpaka juu ya ukuta. Mimi nilibeba mizigo gare, kwenye stesheni ya reli, mchana na sikuona haya.

Jumapili moja mpishi wa makamo alibaki watu walipoondoka. Bwana wake alikuwa anakwenda likizo Ulaya miezi sita, na yeye pamoja naye.

"Naweza kuona kama yule wa barua," akasema. "Kuandika njo shida."

Tulikaa miezi miwili, kila alasiri, kwenye mkeka. Mkono wake uliokata vitunguu bila kutazama ulitoa jasho mbele ya herufi b. Siku ya safari nilimbebea sanduku mpaka kwenye behewa. Madame wake alimwona akipanga penseli sita mfukoni mwa koti, moja baada ya nyingine, akamuuliza ni za nini.

"Za kazi, Madame," akasema, akapanda.