Chokaa ya Mgombea

Msimu ule wa kampeni za udiwani, shangazi yangu alikula yamini kwamba hatampa mtu kura kabla hajawasikiliza wote. "Kura yangu moja," alisema, "na nyumba yangu moja. Vyote viwili sivitupi ovyo." Basi kila mkutano uliofanyika katika kata yetu, sisi tupo. Yeye mbele na mkongojo wake, kanga kaitupia kichwani, anawaamuru watu wampishe; mie nyuma na kigoda chake na chupa ya chai ya tangawizi. Vijana wa kijiweni walimbandika jina la Tume. "Tume hiyo yapita! Ipisheni Tume ikakague wagombea!" Naye huwajibu bila kugeuka, "Nitaanza kuwakagua nyie, wavivu wakubwa."

Mie siasa sina hamu nayo. Ni fundi cherehani, na kila niliporudi kutoka mkutanoni nilikuta mteja kaja, kasubiri, kaondoka na kitambaa chake. Lakini huyu ndiye aliyenichukua Pangani nilipofiwa na mama, akanilea kama kanizaa. Akisema twende, twende.

Kilichotutoa nyumbani ni ile alama. Barabara ya kwetu ilikuwa ipanuliwe, na kabla ya kampeni walipita watu na makopo ya rangi, wakachora X kwenye kuta na namba chini yake. Vibanda vilivyokaa kandokando ya lami walivichora kwa rangi nyekundu. Nyumba za nyuma kidogo, ya shangazi ikiwemo, wakazichora kwa kijani. Walikuwa na haraka zao, hawakueleza kitu, na sisi hatukuuliza. Rangi ya nini tena? X ni X. Kila mtu mtaani alijua maana yake ni kubomolewa.

Nyumba yenyewe usiitazame kwa macho ya mpita njia. Ilianza ya udongo na boriti za mkoko, wakati mumewe anakata mkonge shambani na kurudi mikono imechanika. Mwaka huu plasta ya mbele, mwaka ule bati, mwaka mwingine sakafu ya chumba kimoja. Watoto hawakujaaliwa. Mume akafa, ndugu wakafa, nyumba ikabaki. Alfajiri akishaswali alikuwa akiizunguka na fagio, anaisemesha. Mtu akimtania kwamba anazungumza na kuta, anasema kuta zina adabu kuliko watu.

Mgombea wa kwanza tuliyemsikiliza alikuwa kijana mwenye miwani, sauti kubwa, spika mbovu. Akaahidi kujenga barabara ya juu, magari yapite angani, sisi tubaki chini na nyumba zetu. Barabara ya juu! Kata ambayo hata mtaro wa maji machafu haina. Shangazi akamsikiliza hadi mwisho, akanyanyuka, akaniambia, "Huyu mtoto ana homa. Twende zetu."

Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke, mtu wa Ushambaani kwa asili, ingawa alisomesha hapa kwetu tangu ujana wake na nusu ya waliokuwa wakimcheka alikuwa kawafundisha kusoma. Hakuwa na muziki wala fulana za kugawa. Alisimama kwenye kivuli cha ukuta wa shule, akawaamkia wazee shikamoo, akaingia kwenye jambo lenyewe moja kwa moja. Alisema barabara itapita, hilo halina mjadala, na nyumba zilizochorwa zitaondoka. "Lakini sikilizeni," alisema. "Za kijani msiziguse. Kijani maana yake watakuja wathamini, watapima, utalipwa ndipo uhame. Asiye na alama hatapimwa. Mkinichagua, nitakalolipigania ni mlipwe haki yenu, na mlipwe kabla tingatinga halijafika."

Kisha shangazi yangu akasimama, na mimi nikajua mdomo huo ukifunguka haufungiki.

"Mwalimu, yaani umekuja kuniomba kura ili univunjie nyumba?"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Mwalimu akajaribu, "Mama, ningetaka kukufurahisha ningesema mengine."

"Mie si mamako. Na kwenu ni milimani, nyumba yako haikuchorwa. Nenda kawavunjie wa kwenu!"

Hapo zomeazomea ikaanza. Akina mama wakapiga makofi, vijana wakaimba "Tume imeamua! Tume imeamua!" na yule mwalimu akasubiri, akaona hawanyamazi, akakunja mwavuli wake akaondoka. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Njiani nikamwambia shangazi, kwa upole wote niliokuwa nao, kwamba huenda yule mama asema kweli, tuulize ofisini.

"Kweli gani hiyo ya kumvunjia mtu nyumba?" akanifokea. "Nimekulea wewe, hukunilea mie. Nyamaza."

Kwa shangazi yangu ukishaambiwa hivyo huna tena la kusema, hata ukiwa na mvi.

Wa tatu alikuwa mfanyabiashara wa mbao. Huyu alikuja na lori, na singeli ya kuziba masikio, na kanga mpya zenye picha ya uso wake, kwa hiyo ukiivaa anakukalia mgongoni. Mkutano wake akauweka uwanja ulio ubavuni mwa nyumba yetu, na shangazi hakuhitaji kigoda siku hiyo. Alikaa kibarazani kwake kama bibi harusi. Yule bwana akaongea juu ya maji, akaongea juu ya ajira, watu wanangoja. Mara mmoja akapaza sauti, "Na alama je?"

Bwana mbao akasimama kidogo. Akatazama huku na huku, akaiona nyumba ya shangazi, na ile X imetanda ukutani imeelekea barabarani. Akashuka kwenye lori. Akaja kibarazani, akapiga goti mbele ya shangazi, nasema goti, na suruali yake ya thamani, akasema, "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, hii alama yakunyima usingizi?"

"Yaninyima, mwanangu."

"Nileteeni chokaa!" akapiga kelele.

Lo! Sijui chokaa ilitoka wapi upesi vile. Ndoo ikaletwa, brashi ikaletwa, mwanamume akakunja mikono ya shati akaanza kupaka mwenyewe. Kijani kikawa chachungulia, akarudia tena, na tena, mpaka ukuta ukawa mweupe kama sanda. Kila akipiga brashi, uwanja mzima, "Futaaa!" Vigelegele, simu zimenyanyuliwa juu, mwanamke mmoja karibu nami analia machozi kabisa. "Hii ni ya mfano!" mgombea akasema, chokaa yamchuruzika kiwikoni. "Mkinipa kura, zilizobaki nazifuta zote!"

Shangazi alimshika mkono akauweka kifuani pake. Sijapata kumwona na furaha ile, hata siku za harusi za watu aliowapenda. Majirani waliingiwa na kijicho. Mmoja akaniambia usoni kwamba sisi tumependelewa kwa sababu shangazi ana kelele.

Alishinda, tena kwa mbali. Yule mwalimu kura zake hazikujaza darasa.

Hatukumwona diwani akifuta alama nyingine. Watu wakasema apewe muda, ndiyo kwanza kaapishwa. Kisha wakaja wathamini, vijana wawili na dada mmoja, na kamba za kupimia na vitambulisho shingoni. Walianza mwanzo wa mtaa. Nyumba yenye X ya kijani, wanaingia, wanapima vyumba, wanahesabu mpaka minazi, wanampiga picha mwenye nyumba amesimama mlangoni. Walipofika kwetu wakautazama ukuta mweupe, wakapita.

Nikaacha cherehani nikawakimbilia. "Jamani, na hii ilichorwa!" Yule dada akaniambia kwa adabu tu, "Mama, sisi twafuata alama na namba. Isiyo na alama haituhusu."

Nikarudi mbio. Shangazi kasimama kibarazani, uso unang'aa. "Umewaona?" akaniambia. "Wamepita! Hawakugusa hata kizingiti! Kazi ya mtu wetu hiyo. Na nyie mlikuwa mwamsikiliza mwalimu." Jioni ile alikaanga visheti, akanituma nivipeleke nyumba za majirani, za wale waliopimwa, awape pole. Nilivipeleka. Nyumba baada ya nyumba nikisema, "Shangazi anawapa pole."

Baadaye majirani wakalipwa. Hawakutajirika, lakini mtu alipata cha kununulia kiwanja na kuanza msingi mahali pengine, Mwera au huko nyuma ya kiwanda. Mmoja mmoja wakang'oa mabati yao wakaenda. Sisi tukaletewa agizo la kuhama bila malipo, kwamba tumo ndani ya eneo la barabara na nyumba yetu haikuthaminiwa. Niliposomewa mlangoni na aliyelileta, nikakaa chini pale pale. Shangazi akauliza, "Wamesema nini?" Nikamwambia. Akasema, "Hawajui kwamba diwani mwenyewe alifuta. Nenda kawaambie."

Nilikwenda. Nilikuwa nimekwangua ile chokaa kwa kijiko, X ikatokea kwa chini, lakini namba haikusomeka tena. Karani wa ofisi ya kata akaitazama picha kwenye simu yangu, akaniuliza nani alifuta alama ya serikali, maana hilo ni kosa. Nikamwambia ni diwani, mbele ya kata nzima. Akacheka, kisha akaona sicheki. Akasema basi, diwani aje aseme kwa kinywa chake, kwamba nyumba ilikuwa na alama na yeye ndiye aliyeipaka chokaa. Neno moja tu, wataalamu warudi kuthamini. Nikawafuata majirani waliorekodi siku ile, wanitumie video. Simu zote, ajabu ya Mungu, zilikuwa zimeharibika. Mmoja tu ndiye aliyesema ukweli: "Dada, malipo yangu nusu bado. Sigombani na diwani mie."

Kumpata yule bwana kulinitoa jasho. Yuko kikaoni, yuko safari, yuko Amani kwenye mambo yake ya mbao. Mwishowe tukaambiwa atakuwepo ofisi ya kata, tukaenda, na shangazi akavaa baibui lake la Idi. Yule karani alikuwepo pia, amekaa mezani, na watu wamejaa kwenye mabenchi na shida zao.

Diwani alimwamkia vizuri, sikatai. "Shikamoo bibi." Nikaeleza mimi, maana shangazi pumzi zilikuwa hazimtoshi. Nikasema hatukuja kulaumu, twaomba neno lake tu. Nilikuwa sijamaliza akainua mkono.

"Bibi," akasema, wala hakunitazama mimi, sauti kaipandisha ili mabenchi yote yasikie, "nani alikwambia ufute alama ya serikali?"

Nikafikiri sijasikia vizuri. Nilingoja shangazi yangu afunguke. Mwanamke aliyempigia mwalimu kelele mbele ya uwanja mzima, aliyewahi kumfukuza mkusanya ushuru kwa mwiko, nilimngoja kwa hamu, wallahi. Nilitaka amchanechane.

Shangazi akainamisha kichwa. Akamtazama yule mtu, mkubwa, kakaa kwenye kiti chake, anangoja jibu. Akasema, "Nisamehe, mwanangu. Nilikosa."

Chumba kizima kikasikia. "Shangazi!" nikasema. Akanifinya mkono ninyamaze. Diwani akatikisa kichwa kwa huruma, akasema bibi kakiri, wazee tuwasamehe, lakini sheria ni sheria. Karani akainamia kazi zake. Hapakuwa na la kuthibitisha tena, shangazi alishalithibitisha mwenyewe.

Nje nilishindwa kujizuia. Nikalia na kufoka pamoja, pale pale barabarani, watu wapita. Kwa nini? Kwa nini umwombe radhi yule? Alinifuta uso kwa ncha ya kanga, kama nina miaka sita. "Ana haki ya kukasirika," akasema. "Mtu kaja kwangu kanisaidia, kashika brashi kwa mkono wake, na mie nikaenda kumtia matatani na serikali. Ningalimwambia siku ile asifute. Ningalijua."

Nilimweleza hadi sauti ikanikauka. Nilimweleza siku ile, nikamweleza usiku, nikamweleza asubuhi tingatinga lilipowashwa na sisi tumekaa ng'ambo ya barabara na magodoro. Haikumwingia. Ukuta wa mbele ndio ulioanguka mwanzo, vumbi likapanda, dereva akarudi nyuma apate nafasi ya kupiga chumba alicholala na mumewe miaka yote ile. Shangazi alinishika mkono kwa nguvu.

"Diwani akipita hapa," akaniambia, "umsalimie vizuri. Asije akadhani nimemwekea kinyongo."