Siku Mama Alipopanda Boti Yetu

Mama yangu hakuwahi kunikataza kazi ya kuzamia. Angenikataza ningemjibu, tungegombana siku mbili, tungepatana, na yangekwisha. Yeye alinyamaza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Watu wakimuuliza binti yako anafanya kazi gani siku hizi, alisema, "Yuko na watalii," kama vile nauza vinyago. Mimi huwaongoza wageni chini ya maji, kwenye miamba ya upande wa kisiwa cha Bawe, mitungi ya hewa ikiwa migongoni mwetu. Nina cheti, nina suti inayonistiri kuanzia kichwani mpaka vifundoni, na wakati huo nilikuwa na miaka minne kazini. Nilichokosa ni radhi yake, na kwetu mtu anaweza kuishi bila vitu vingi lakini si bila hicho.

Siku moja nikamkabili jikoni.

"Mama, umeniridhia au hukuniridhia?"

"Sijakukataza."

"Sikukuuliza hilo."

Akaendelea kukuna nazi mpaka kifuu kikabaki kitupu. Halafu akasema, "Nipeleke nikaone. Nikishaona, ntakwambia."

Nahodha wetu, mtu wa Bwejuu mwenye maneno mengi kuliko samaki, hakuwa na pingamizi. "Mlete Bi Mkubwa," alisema, "nafasi ipo." Nikarudi nyumbani nimejaa furaha. Siku moja tu baharini, mama anione nikifanya kazi yangu, na jibu nitalipata.

Sasa niseme jambo ambalo wageni huwa siwaambii: bahari hunilevya. Nimezaliwa Mji Mkongwe, dirisha la chumbani kwetu linatazama maji, lakini tumbo langu ni la bara. Miaka yote hiyo nimeishi nalo kwa adabu. Kidonge kimoja usiku kabla ya kulala, cha aina isiyonipa usingizi, ambacho nilikijaribu kwanza nchi kavu. Kingine asubuhi, saa nzima kabla ya kuondoka, kwa sababu kidonge unachomeza wakati moyo umekwisha kuchafuka wanakula samaki. Kipande cha mkate wa boflo kikavu na chai ya tangawizi isiyo na maziwa. Ndani ya boti nakaa katikati kuelekea nyuma, mbali na moshi wa mashine, macho yangu yako kwenye nchi kavu, na siinami kutafuta kitu mkobani. Wageni nawaambia hayo hayo, kisha naongeza, kwa sauti ya kiualimu ambayo mwenzangu wa kazi huniigiza nikigeuka: "Anayejisikia vibaya aseme mapema. Hapana aibu."

Hapana aibu! Kusema ni rahisi.

Asubuhi ya safari nilimaliza kusali, nikatoka chumbani, nikakuta meza imejaa. Mbaazi za nazi, nzito, tui limetanda juu. Maandazi. Chapati zinazong'aa kwa samli. Chai ya maziwa kwenye chupa. Siku nyingine zote mimi hutoka wakati yeye bado yuko kwenye msala wake anasali, basi hakuwahi kujua ninachokula.

"Kaa ule," alisema. "Mtu haendi baharini na tumbo tupu."

"Mama, asubuhi huwa sili sana."

"Ndiyo maana umekonda."

Ningeweza kumwambia. Sentensi moja tu: Mama, chakula hiki leo kitanidhuru. Lakini siku ninayoomba radhi ndiyo siku ya kumrudishia sahani? Nikala. Sahani ilipokwisha akaongeza, nikala tena, nikamshukuru, nikajipangusa mdomo kama mtoto mwema. Yeye hakugusa kitu ila chai ya rangi, kwa hofu ya safari. Katika harakati za kumsaidia kufunga kapu, maana alitaka na nahodha ale, na wageni wale, kidonge changu cha asubuhi nikakisahau juu ya friji. Chake nilikuwa nimempa usiku, na cha asubuhi akakimeza mbele yangu. Wa kuangaliwa alikuwa yeye, mimi nani aniangalie?

"Shikamoo, Bi Mkubwa," nahodha alimpokea.

"Marahaba, baba. Hii boti yako haivuji?"

"Ikivuja tutakaa juu ya kapu lako."

Nilimkalisha mahali pazuri, katikati, juu ya mto. Wageni walikuwa wanne. Mmoja, mwanamke wa makamo aliyekuwa akizamia kwa mara ya tatu tu maishani, aliomba awe nami kwa sababu alimwona mwenzangu ana haraka. Nikasimama nikawaeleza wote alama za mikono, kina, njia tutakayopita. Mama alinitazama bila kupepesa. Wallahi nilijiona mrefu.

Tulipotia nanga, urefu ule ukaisha. Boti inayokwenda ina huruma, iliyosimama haina. Ilianza kuyumba ubavu kwa ubavu, harufu ya dizeli ikarudi juu yetu, nami nikainama kufunga mkanda wa mtungi wa mgeni. Kwanza nikapiga miayo. Kisha jasho la baridi shingoni, kisha mate yakajaa mdomoni. Dalili hizo nazifundisha mimi. Mtu wa maneno akinyamaza ghafla ndani ya boti, mtazame. Nilinyamaza, na sikumwambia mtu.

Niliwahi kufika ubavuni, upande unaokwenda na upepo, na hapo angalau kazi sikuiaibisha. Mbaazi zote zikaenda. Nikasikia kiganja kimenishika paji la uso, kama nilivyoshikwa nilipokuwa na homa utotoni.

"Mbaazi zangu," mama alisema taratibu.

"Mganga hajigangi," alisema nahodha, lakini akaniletea maji.

Mwenzangu akanisogelea sikioni. "Vaa tushuke. Ukifika chini itakwisha, unajua."

Najua. Mara nyingi ndivyo ilivyo, chini mawimbi hayakufuati. Na kile alichokuja mama kukiona kilikuwa huko chini. Nikavaa mtungi. Nikakaa ukingoni, nimeyapa maji mgongo, nikaweka miwani. Yule mgeni alikaa mbele yangu akiningoja nimpe ishara, macho yake yameniganda usoni. Tumbo likapanda tena kidogo, likashuka. Nikajiuliza, likipanda tena tukiwa chini sana, nani atamshika mwenziwe mkono?

Nikavua miwani.

"Leo sizamii," nikasema, kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza. "Mimi mgonjwa."

Nahodha akapanga upya palepale: wote wanne watakwenda na mwenzangu, pahala pasipo na kina kirefu, na hakuna kuharakisha. Mgeni wangu akaniminya mkono, akaenda. Wakaingia majini mmoja mmoja, nami nikabaki na suti yangu kavu, nimekaa karibu na mama, nalia kwa hasira. Nilimleta aone ninavyozamia, akaona ninavyotapika.

Povu lilikuwa likipanda juu, mafungu mafungu.

"Zile ndizo pumzi zao?" aliuliza.

"Ndizo."

"Yule mama angekwenda na wewe?"

"Naam."

"Na ulitaka kwenda."

"Nilitaka sana, Mama. Kwa ajili yako."

Akanyamaza. Nilifikiri ni ule unyamavu wa nyumbani, nikainamisha kichwa.

"Mimi bahari siiogopi kama unavyodhani," akasema. "Nilikuwa nnakuogopa wewe. Tangu mdogo hujui kusema hapa basi. Leo umekula mpaka umeumwa, na mimi nnakuona chakula hakikupiti, lakini nkasema ngoja, ataniambia mwenyewe. Hukuniambia. Sasa mtoto huyu, nkasema, iko siku ataona haya kukataa mbele ya watu, atashuka huko, asirudi. Hilo ndilo lililonifunga mdomo miaka yote."

Ilikuwa kweli.

"Na hapa umekataa," alisema. "Nimekaa nnakutazama, na watu wote wanakutazama, ukavua ukasema huwezi."

Aliweka mkono juu ya kofia ya suti yangu, akaubakisha hapo.

"Basi nimekuridhia, mwanangu. Radhi ya moyo, si ya mdomo."

Nikainama nimbusu mkono. Sikuuwahi. Tumbo likapanda tena, nikageukia ubavuni, naye akanishika paji la uso kwa mkono ule ule, na radhi ya mama yangu nikaipokea hivyo, kichwa kiko nje ya boti.