Mugole wa Nusu Uso

Nisipowasimulia mimi mwenyewe mtasimuliwa na watu wa Nshamba, na watu wa Nshamba wakisimulia wanatia chumvi mpaka unaona kiu, kwa hiyo bora niumbuke kwa mdomo wangu. Ndiyo, ni mimi. Yule bibi harusi aliyesimama mbele ya kamera akiwa na rangi mbili kama jogoo wa mtaani ni mimi, Kokugonza, mshonaji wa mtaa wa Nshambya hapa Bukoba mjini, mtu mzima mwenye cherehani yake na heshima zake (zilizobaki).

Kwanza mjue kwamba mimi ni mweusi. Simaanishi weusi ule wa kusema sote Waafrika ni weusi, hapana, mimi ni mweusi ambaye shuleni umeme ukikatika walikuwa wananiambia nicheke ili wajue nilipo, na mimi nacheka, nifanyeje. Kwenye igizo la Krismasi parokiani miaka yote nilikuwa askari wa Herode. Maria alikuwa Adela, ambaye sauti yake haikufika hata benchi la pili, lakini alikuwa mweupe, basi. Mwaka mmoja nikamwomba katekista walau anijaribu, akanitazama kwa huruma ya kweli kabisa, akasema, "Koku, wewe una sauti nzuri ya kupiga kelele." Nikarudi kwenye uaskari wangu, lakini hamu haikunitoka: siku moja, mara moja tu, niwe yule anayetazamwa.

Sasa likaja tangazo kwenye WhatsApp. Direkta mmoja wa Dar es Salaam anapiga filamu ya mambo ya kale, habari za msichana wa Kihaya aliyeolewa kwenye nyumba ya mfalme, anatafuta wa kuwa mugole, yaani bibi harusi: awe Mhaya, ajue Kihaya, awe na mvuto, na mwishoni kabisa, "awe mweupe au maji ya kunde". Nikaona sifa zote ninazo isipokuwa hiyo ya mwisho. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikafungua ile sehemu ya simu ya kurembesha picha, unasogeza kidole tu, nikasogeza kidogo, nikaona mbona napendeza, nikasogeza tena, nikasogeza tena, mpaka nikawa mtu ambaye ningekutana naye sokoni nisingemsalimia. Nikatuma.

Jibu likaja jioni: "Umepita. Sura yako ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta." (Sura yangu! Ile niliyoitengeneza huku natafuna muhogo!)

Hapo bado ningeweza kusema jamani nilitania. Badala yake nikaitangazia kwaya yetu nzima ya parokiani, nikawatangazia wateja, nikamtangazia hata mwanamke niliyemkuta kwenye foleni ya maji ambaye hakuniuliza chochote. Ndipo nikaambiwa filamu itapigwa wapi: nje ya mji, huko Nshamba, tena nyumbani kwa Shangazi Paulina, dada yake marehemu baba, kwa sababu ukweni kwake bado upo mushonge, ile nyumba yetu ya kale ya mviringo iliyoezekwa majani mpaka chini. Direkta alipoongea naye kwenye simu alimpenda kiasi kwamba akampa na kazi ya kuigiza mama mkwe. Mama mkwe wangu mimi.

Siku ya siku nilidamkia saluni kwa rafiki yangu mjini, nikamwambia, "Nipandishe." Akanipandisha. Alinipaka fondesheni ya watu wengine kabisa, juu yake poda, juu ya poda fondesheni tena, uso, shingo na mabega, mpaka kwenye kioo nikamwona yule wa kwenye simu ananitazama. Mikono tuliisahau. Nikapanda gari la Nshamba nimejifunika kanga mpaka kichwani, na konda (Mungu ambariki) akaniuliza taratibu kama natoka hospitali.

Nilipofika nikapiga magoti kumsalimia Shangazi kama ilivyo kwetu. Akanishika kidevu, akakigeuza kwenye mwanga.

"Mawe, mama yangu! Koku, umeugua nini?"

"Siumwi, Shangazi, ni mambo ya filamu."

"Filamu ndiyo imekumwagia unga?"

Nikambembeleza. Shangazi bojo, tafadhali, nikamwambia, ukifika kwenye kunipaka samli, nipake kidogo, gusagusa tu. Kwa sababu onyesho lenyewe lilikuwa hilo: zamani mugole alifungiwa ndani miezi, anakula, anakunywa maziwa, hashiki jembe, na siku ya kumtoa nje mama mkwe anampaka samli ang'ae, ndipo watu wamwone. Shangazi akasema, "Nimesikia." Hakusema nimekubali, lakini mimi siku hiyo nilikuwa nasikia ninachokitaka.

Direkta alifurahi sana kuniona. Alikuwa kijana mpole, mwenye miwani, na alikuwa na hoja zake. "Ndiyo maana nilitaka mweupe," akatueleza. "Mugole hapigwi jua miezi yote hiyo, lazima anakuwa mweupe." Nami nikatikisa kichwa kukubali, kama msomi, mikono nimeificha ndani ya orubugo, lile vazi la gome la mti walilonivika. Shangazi akaenda kuleta kibuyu chake cha samli.

Wakatuweka pale mlangoni pa mushonge kwa sababu ya mwanga. Kwenye uzio Nshamba nzima imejaa, kwaya imekodi gari, watu wamefunga maduka. Direkta akasema tuanze. Shangazi akachota samli kwenye kibuyu, kiganja kimejaa, na hakugusagusa jamani, alinipaka kama mugole anavyopakwa, kutoka kwenye paji la uso akashuka na shavu lote la kushoto mpaka shingoni, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria. Nikahisi kitu kinaondoka. Kisha sauti ya mwanamke kwenye uzio: "Koku anabanduka!"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Kuna mtu alikaa chini. Shangazi akakitazama kiganja chake, kimekuwa rangi ya chai ya maziwa, akakiinua kuwaonyesha wote (hadi leo sijui kama alifanya makusudi, na nikimuuliza ananikaribisha chakula). Direkta akasogea, akanitazama upande huu, akanitazama upande ule.

"Dada," akasema, "wewe ni nani?"

Nikajibu naitwa Kokugonza, kama niko mahakamani. Akaniambia nimemdanganya, na kweli nilikuwa nimemdanganya, nilitamani ardhi ipasuke. Akamgeukia msaidizi wake. "Mpigie yule wa Mwanza, yule mweupe. Aje kesho."

Shangazi akauliza, "Huyo wa Mwanza anajua Kihaya?"

"Hajui, Mama. Tutamwekea sauti."

"Sauti ya nani?"

Direkta akaninyooshea kidole. "Huyu dada ana sauti nzuri."

Kile kicheko cha watu kilikuwa kimeniumiza, lakini hili liliniumiza vibaya zaidi. Machozi yakaanza kunitoka, moja linapita upande mweusi, jingine linachimba mfereji upande mweupe, na hata pale kwenye uzio wakaacha kucheka.

"Kwa hiyo mdomo wake mnautaka," Shangazi akasema, "uso wake hamuutaki."

"Mama, siyo mimi, ni watazamaji. Na tena mugole aliyekaa ndani..."

"Baba, mimi ndiye niliyekuwa mugole kwenye nyumba hii. Nilikaa ndani, nikala, nikanenepa mpaka mlango ukanikataa. Weupe ungetoka wapi, kwenye ndizi?" Akanyoosha ule mkono wenye rangi ya chai kuelekea uzio. "Na watazamaji unaowasema si ndio hawa? Waulize."

Direkta akageuka, akawatazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu afike. Mzee wetu Ta Felisi mwenye duka akapaza sauti, "Sisi tunamtaka Koku wetu! Ila mfuteni na upande wa pili, anatutisha!"

Shangazi hakungoja ruhusa ya mtu. Akachota samli nyingine.

Msidhani Direkta aliokoka papo hapo. Alinuna, akazunguka kwenye migomba akiongea na simu, akarudi kwa sababu wingu la mvua lilikuwa linakuja na fedha ya watu ilikuwa inaungua, akasema tupige mara moja tuone. Nikatoka mlangoni nang'aa, nanuka samli, nzi wananifuata, mikono nje. Wanawake wakapiga vigelegele bila kuambiwa, na vimo humo kwenye filamu, hawakuvikata.

Ilipoonyeshwa ukumbini Bukoba (kwenye bango walinipunguza rangi kidogo bila kuniuliza, nikacheka, nikasema nimewaambukiza), nilikaa na Shangazi. Nilipotokea akanishika mkono, akaubana, hakuuachia mpaka nilipopotea kwenye skrini. Shangazi hana picha hata moja ya harusi yake, zama zile nani alikuwa na kamera.

"Nilikuwa hivyo," akaniambia. "Siku ile nilikuwa hivyo hivyo."

Nililia kuliko siku ya mlangoni, na safari hii machozi yalikuwa ya rangi moja. Sehemu ile ya kurembesha picha nimeifuta kwenye simu. Siku hizi ninapigwa picha mchana, uso hivi hivi, na ikitoka mbaya basi ni mbaya yangu mwenyewe, siazimi ya mtu tena.