Maji Niliyoyamwaga kwa Aibu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilimwaga chakula cha watoto wapatao mia tano nikidhani ninafanya usafi. Unacheka? Cheka tu. Hata mimi sasa nacheka, ingawa siku ile nililia mpaka kamasi.

Nilikuwa bado mke mgeni, huku kwetu nje ya Kitengela, kabla hizi ghorofa hazijatufuata. Mimi ni mtoto wa upande wa ziwa niliyeolewa kwa Wamaasai. Mume wangu alikuwa kazini Kajiado na alirudi mwisho wa wiki, kwa hiyo siku nyingi tulikuwa wawili tu, mimi na mama yake. Siku nilipoingia bomani kwake alinipa kondoo, na kwa desturi yao aliyetoa kondoo na aliyepewa huitana Paker. Basi nikamwita Paker, naye akaniita Paker. Mpaka leo nikisikia jina hilo moyo wangu hulainika.

Ukame ulikuwa umewamaliza karibu ndama wake wote. Mvua iliporudi, bwawa dogo alilowachimbia likajaa, na hapakuwa na wa kuyanywa maji yale. Nikamwomba aniachie nifuge samaki. Baba wadogo wa mume wangu waliposikia hawakuamini masikio yao. Huku, samaki hakuwa chakula cha watu. Mmoja akasema, "Ati samaki? Si hiyo ni nyoka ya maji?" Lakini Paker akawaambia nitapewa bwawa kwa msimu mmoja. Samaki wakiishi, bwawa ni langu. Wakifa, linarudi kwa mifugo na mambo ya samaki yasisikike tena pale bomani.

Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Mtu wa ziwa afundishwe samaki na nani? Ukweli ni kwamba nilimjua samaki wa sufuria. Aliye mdogo kama kucha ya kidole sikuwa nimewahi kumtazama vizuri maishani mwangu.

Vifaranga wapatao mia tano wa ngege, yule samaki wa kwetu ziwani, walikuja kwa basi, ndani ya mifuko ya nailoni iliyojaa maji na hewa. Aliyeniuzia alikuwa amenielekeza mapema nijaze gunia mavi ya ng'ombe, nilifunge, nilining'inize majini, nisubiri maji yageuke kijani ndipo niwaweke. Nilifanya hivyo bila kuuliza sababu. Vifaranga wakaingia, na kila asubuhi niliwaona wamezidi kidogo. Chakula sikuwa nimeanza kuwapa, nilidhani bado wanazoea.

Halafu nikasikia kwamba wale wazee wanakuja Jumapili kuona hiyo kazi yangu. Mwanangu, nilitazama lile bwawa kwa macho ya wageni nikaona aibu. Maji ya kijani kama supu ya mrenda, na gunia la mavi katikati! Nikasema hapana, hawatanikuta hivi. Nikawachota vifaranga kwa chandarua, nikawaweka kwenye mabeseni, nikayamwaga maji yote, nikasugua kingo, nikatupa gunia, nikaagiza lori la maji kutoka mjini. Jioni bwawa liling'aa ukaona hadi chini. Nikawarudisha samaki wangu, nikasaga omena, wale dagaa wa ziwani, na pumba, nikawanyunyizia karamu. Nilijisifu sana.

Wazee wakaja, wakachungulia, wakaondoka zao. Siku ya nne baada ya usafi wangu, vifaranga walikuwa wamelegea pembeni, vichwa vikubwa na miili myembamba. Siku ya tano wakaanza kuelea. Ile karamu yangu ilikuwa imezama chini, inaoza. Nikaketi pale kando nikalia, maana nilijua kitakachofuata. Nilikuwa nimeomba kitu kimoja tu katika boma lile.

Paker akanikuta hapo. Hakunifokea. Alichuchumaa, akatazama maji kwa muda, kama alivyokuwa akimtazama ndama aliyekataa kunyonya.

"Paker," akasema, "kabla uoshe hii maji, hawa watoto walikuwa wanakula nini?"

"Hakuna. Nilikuwa sijaanza kuwapa chakula."

"Na walikuwa wanakuwa wakubwa?"

"Ndio."

"Sasa walikuwa wanakula hewa?"

Akasimama, akaenda na glasi ya chai mpaka kidimbwi cha kunyweshea mbuzi cha jirani, akachota maji ya kijani, akarudi akaiinua mbele ya jua. Ndani mlikuwa na vidudu vidogo sana vinarukaruka, vingine huwezi kuviona usipokaza macho. "Hiyo ni maziwa yao," akasema. "Wewe umeona uchafu. Hii yako ya kusaga ni nyasi. Nani anapea ndama nyasi kama bado ananyonya?"

Mama yule hakuwa ameweka samaki mdomoni tangu azaliwe, na ndiye aliyenifundisha samaki mimi, mtoto wa ziwa! Nilitamani ardhi inimeze. Lakini hakuniacha nikae na aibu yangu. Alifunga kitambaa kiunoni, tukabeba mitungi ya maji ya kijani kutoka kwa jirani, safari baada ya safari, siku hiyo na zilizofuata. Tukaondoa uchafu wa chini, tukarudisha gunia la mavi mahali pake, tukasubiri. Wengi walikufa, sikufichi. Lakini waliobaki matumbo yao yalianza kujaa, na maji yalipogeuka kijani tena nilishangilia peke yangu kama mwendawazimu.

Sasa usidhani nilikuwa nimepata akili. Wiki zilipita, samaki wakafika urefu wa kidole, na mimi niliyeungua mara moja nikang'ang'ania maji ya kijani tu. Wakadumaa. Paker akaja tena, akararua jani la sukuma wiki akalitupa majini. Samaki wakalivamia, maji yakachemka! Akanitazama kwa jicho la pembeni. "Hawa wameota meno, Paker. Bado unawapea maziwa?" Tangu siku hiyo nikaanza kuwapa pumba na majani, na walivyozidi kukua ndivyo walivyotaka zaidi. Wakanenepa.

Msimu ulipoisha tulivuta wavu wazee wakiwa wamesimama kando, mikono nyuma. Ngege walikuwa wakubwa kuliko kiganja cha mtu mzima. Hakuna aliyeniambia hongera. Paker ndiye aliyewageukia akasema, "Bwawa ni ya mke wa kijana yangu. Hiyo maneno imeisha." Kisha akaenda kukamua mbuzi. Mimi nilibaki pale na wavu mkononi.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu. Pengine leo unaanza maisha kwenye chumba cha kupanga, au kwenye kijikazi ambacho huwezi kukitaja mbele za wenzako, au unakula kwa mama yako na unaona soni. Usikimbilie kukimwaga kwa sababu wageni wanakuja. Kwanza jiulize kama ndicho kinachokulisha sasa. Na siku utakapoona hakikushibishi tena, usikae hapo kwa mazoea wala kwa woga. Tafuta kingine, maana umekua. Ukiwa na mtoto, au mdogo wako, au mtu unayemfundisha kazi, mtazame yeye kabla ya kutazama ulichonacho mkononi. Chakula kilichomfaa mwaka jana huenda leo hakimtoshi, na kile unachokiona bora wewe huenda mdomo wake haujakiweza. Na kama umeshakosea, kama nilivyokosea mimi, usikae kando ukilia mpaka wote waishe. Chukua mtungi. Hao waliobaki wanatosha kuanza nao.

Mungu akukuze taratibu, akupe cha kula kinacholingana na umri wako. Na siku utakapoharibu, akuletee mtu wa kuchuchumaa kando yako akuulize swali.