Isale Halikataliwi

Kila likizo niliwapeleka wanafunzi wangu wa sheria vijijini, wakaone haki inavyotafutwa na mtu asiye na wakili. Mwaka mmoja, katika miaka ya tisini, tulikwenda Kirua Vunjo kwa mjane aliyezaa mabinti watupu. Shemeji yake alitaka kumtoa kwenye kihamba, shamba la migomba na kahawa aliloachiwa na marehemu mumewe. Kaburi la marehemu lilikuwa humo humo, nyuma ya nyumba.

Vijana wangu walivaa tai, wakateleza kwenye tope mpaka mjane akacheka. Lakini kazi waliifanya. Walimwandalia madai, wakamfundisha kujibu maswali, na mahakamani akasema vizuri kuliko mawakili kadhaa ninaowajua. Hakimu akapanga siku ya hukumu. Jamani, tulijiona tumeshashinda!

Siku moja kabla ya hukumu, shemeji akaingia uani kwa mjane, akapiga magoti, mkononi ameshika isale. Mgeni angeona jani tu. Kwa Wachagga isale ndilo linalopandwa mpakani mwa shamba, na ndilo la kuombea msamaha. Mjane akalipokea. Asubuhi akaenda kuifuta kesi.

Nilifoka. "Mama, mbona unajimaliza? Huyu anakudanganya mchana kweupe!"

Mwanafunzi wangu mmoja, binti wa Kichagga kutoka Masama, akanivuta pembeni. "Mwalimu, isale halikataliwi. Akilikataa, kesho wanawe wakapatwa na jambo, atamlaumu nani?"

Nikamwambia hayo hayamo kwenye sheria. Akaitikia "Ndiyo, mwalimu" kwa adabu, na hilo likaniudhi zaidi.

Kahawa haijaiva, shemeji alikwishang'oa masale ya mpakani na kulitwaa shamba lote. Tukamsihi mjane tufungue kesi upya. Akakataa katakata, msamaha ukishatolewa haurudishwi. Akahamia mtaa wa Soweto, huko mjini, kwenye chumba alichopanga bintiye.

Likizo iliyofuata nilimpelekea darasa jipya. Tulimkuta ameketi mlangoni, kando yake kopo la rangi lenye isale changa. Hasira zikanipanda. Nikamuuliza analea la nini jani lililomponza.

"Nataka kumpelekea shemeji."

"Ala! Wewe umemkosea nini?"

"Nilimshitaki, mwalimu. Akinisamehe, labda atakubali nizikwe pale nyuma ya nyumba, karibu na mwenzangu."

Kisha akawageukia wanafunzi, akawauliza kama sheria yao inaweza kumsaidia kwa hilo. Wote wakanitazama mimi.