Beringi za Guyo na Magurudumu ya Apa

Enzi zetu lami iliishia Isiolo. Nyinyi mliokua huko wakati wangu mnajua sipambi maneno. Barabara iliteremka kutoka milimani ikiwa nyeusi na laini, ikapita mjini, ikafika kwenye kizuizi cha polisi, halafu ikakatika kama kamba. Mbele ya hapo ilikuwa mchanga na mawe mpaka Uhabeshi. Madereva wa malori walisimama hapo, wakanywa chai ya mwisho, wakakaza kamba za mizigo, wakamwomba Mungu, wakaenda. Sisi watoto wa mtaa wa Chechelesi tuliwaangalia kwa huruma. Sisi tulikuwa watu wa lami.

Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea mahali pa kuweka nukta mtanisamehe. Lakini kwa habari ya magurudumu sitaki kusahihishwa na mtu.

Baba yangu, ambaye sisi Waturkana tunamwita apa, alikuwa kibarua wa barabara. Hiyo lami aliimwaga yeye na wenzake kwa karai na koleo. Ilimkaa kwenye kucha. Mama alimsugua kwa mafuta taa mpaka akachoka, akasema basi amekubali, ameolewa na barabara. Saa nane mchana jua likiwaka, lami ililainika, na ukiikanyaga bila viatu uliruka kama mwanambuzi. Mpaka leo nikinusa lami mbichi nasimama kidogo, hata kama nina haraka.

Nakumbuka maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, githeri ya mahindi na maharagwe ya majirani Wameru ambayo hukualikwa lakini hukufukuzwa, upepo wa Julai unaokujaza vumbi mpaka kwenye meno. Tulicheza kati ya kukwepa mpira, tukaruka blada ya ukanda wa mpira, tukacheza banu za gololi mpaka vidole vikapasuka. Ukikosea, mama yeyote aliyekuwa karibu alikuchapa, halafu ukifika nyumbani mama yako alikuuliza umemfanyia nini yule mama, akakuongeza. Watoto wa siku hizi simu ikiisha moto wanasema wanaboeka. Sisi neno hilo hatukuwa nalo. Ungemwambia nani umeboeka, na mbuzi wako wako kwenye shamba la watu?

Lakini mchezo wa kwetu hasa ulikuwa nyoka. Tulipanga mikebe minane ya mafuta ya kupikia katikati ya lami, kwenye ule mteremko mdogo wa kuingia mtaani, hatua mbili kati ya mkebe na mkebe. Halafu unasimama wima juu ya ubao wenye magurudumu manne, unateremka ukijipinda kama nyoka, huku, kule, huku, kule, bila kuangusha hata mmoja. Mti wa mbele wa ubao ulishikwa na bolti moja katikati, kwa hiyo uliupinda kwa mguu. Lori likitokea, mmoja anapiga mbinja, tunakusanya mikebe na kukimbia.

Ugomvi wote wa nyoka ulikuwa juu ya magurudumu. Kila mtu alisema yake ndiyo bora. Mwenda, kijana wa mama mmoja aliyeuza miraa, alikata sandali mpya za mamake akatengeneza magurudumu ya mpira ya kupendeza sana, meupe kwa bluu. Yalimpitisha mkebe mmoja tu, yakalala chini kama chapati. Yeye mwenyewe alilala kwa tumbo siku mbili, na sababu mnaijua.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiamua. Hawakunichagua kwa upole, maana sikuwa nao. Nilikuwa nimemwambia mwalimu mbele ya darasa kwamba hesabu yake ubaoni si sawa. Nikala viboko viwili, na hesabu ikabaki si sawa. Tangu siku hiyo watoto walisema, ukitaka kusifiwa nenda kwa nyanya yako, ukitaka ukweli nenda kwa Akiru.

Sasa mwaka huo mama alijifungua mdogo wetu wa mwisho, na mgongo wake ukakataa debe. Bomba la mtaa lilikauka kila baada ya siku chache na mtoni kulikuwa mbali. Apa akasema ubao wetu wa nyoka uwekewe magurudumu ya maana, uwe wa kuvutia maji, mama asibebe tena kichwani. Akakata mti wa mgunga. Jioni baada ya jioni, akitoka kibaruani, alichonga magurudumu manne makubwa kama sahani, akayavisha ukanda wa tairi kuukuu, akaupiga misumari.

Yalipokuwa tayari, Guyo naye akaja. Guyo alikuwa jirani yetu Mborana, wa umri wangu, mjomba wake ni fundi wa malori, na mdomo wake ulikuwa na sauti kuliko honi. Alikuwa amebeba beringi nne, vile vyuma vya mviringo vyenye gololi za chuma ndani, vinavyong'aa kwa grisi.

"Mzee, hizi zimetoka kwa lori la tani saba," akamwambia apa. "Mjomba anasema mchukue, mama apone mgongo."

Apa akaingiza kidole kwenye beringi moja, akaizungusha. Ikalia zzzz, ikakataa kusimama.

"Nzuri," akasema. Halafu akanigeukia. "Akiru, jaribu zote. Utakachosema ndicho nitakachofunga."

Nilijaribu Jumamosi, na nilijaribu kwa haki kama nilivyoijua. Ubao mmoja, mtu mmoja, mikebe ile ile, mara tatu kwa kila upande. Hata uji nilikataa kunywa katikati, nisije nikawa mwepesi kwa mmoja na mzito kwa mwingine. Watoto walijaa pembeni, na mama zao wakasimama milangoni.

Beringi ziliimba. Niliteremka kama mtu anayemwagika. Mara ya kwanza hakuna mkebe ulioanguka, ya pili hakuna, ya tatu mmoja. Nikafunga ya apa. Yalikuwa mazito kupinda. Yakaangusha miwili, mitatu, miwili, na gurudumu moja la nyuma lilikwaruza kila likizunguka.

"Sema, Akiru!" Guyo alipiga kelele. "Sema tu, usiogope!"

Apa alikuwa amesimama mikono nyuma. Nikasema, "Beringi ni bora. Ya apa ni mazito, na la nyuma linakwaruza."

Mama mmoja akasema kwa sauti, "Huyu mtoto anamvua babake nguo barabarani."

"Amesema," apa akajibu. Akakusanya magurudumu yake, akayafunga kwa kamba, akayatupa kwenye zizi la mbuzi. Beringi akazifunga kwenye ubao. Na mimi, Mungu anisamehe, nililala nikiwa nimejaa sifa. Nilikuwa nimesema ukweli juu ya baba yangu mwenyewe! Nani mwingine angeweza?

Jumatatu bomba likakauka. Tukaenda mtoni mimi na mama, na madebe mawili juu ya ubao. Kwenye lami beringi ziliimba mpaka watu wakageuka. Tukaiacha lami, tukaingia njia ya mtoni. Ubao ukiwa mtupu, niliuburuta bila kuwaza. Tulipojaza maji na kugeuka, beringi zikazama. Ni nyembamba, zinakata mchanga kama kisu. Nikavuta. Mchanga ukaingia kwenye gololi, nikasikia zikisaga, krr, krr, halafu sikusikia kitu. Hazizunguki. Nikavuta kwa hasira, ubao ukalala upande, debe moja likamwagika lote.

Mama hakunigombeza. Alikunja leso yake ikawa kata, akainua debe lililobaki, akaliweka kichwani, mkono mmoja akashika mgongo, akatangulia. Nilimfuata nikivuta ubao mtupu kama mtu anayeburuta mbwa aliyekufa. Heri angenichapa.

Nyumbani nilimkuta apa akiosha miguu.

"Apa, ulijua?"

"Mimi ndiye niliyeimwaga hiyo lami," akasema. "Najua inapoishia."

"Mbona hukusema?"

"Nilikwambia ujaribu. Sikukwambia nitakujaribia." Akajifuta miguu taratibu. "Tunachota maji wapi, Akiru? Kwenye lami?"

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu, na ni kosa la watu wa Isiolo. Tulijivunia ile lami mpaka tukasahau kwamba maisha yetu yote yalikuwa nje yake. Kuni, malisho, maji, vyote vilikuwa mchangani. Nilipima mahali pa kujionyesha. Mahali pa kazi sikupapima.

Mama akasema kwa upole, "Badilisha tu hayo magurudumu, mwanangu. Nani atauliza?"

Lakini nilikuwa nimesema mbele ya mtaa mzima. Neno nililolisema mbele ya watu ningelirudishaje jikoni, kimya kimya? Na kesho wakiniletea kitu kingine nikijaribu, wataniamini kwa lipi? Nikapita mlango kwa mlango nikiwaita. Waje pale lami inapokatika.

Guyo alikuja akicheka. "Wallahi, babako amekununua! Amekupa nini, mkia wa kondoo?"

"Nyamaza uvute," nikamwambia. "Leo utavuta wewe, usije ukasema ni mkono wangu."

Nilipanga mikebe minane mchangani. Nikaweka debe limejaa maji juu ya ubao. Guyo akavuta beringi zake. Akasimama mkebe wa pili. Akazichomoa, akazipuliza mchanga kwa mdomo, akazifunga tena, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Mkebe wa pili. Tukafunga ya apa. Yakaenda polepole kama ng'ombe mzee, yakilia, yakikwaruza, lakini yakaenda. Mikebe yote minane, na maji hayakumwagika hata ya kunawa.

Guyo aliachia kamba. "Haya," akasema. "Mchanga ni wa mzee."

Nikasimama mbele yao. "Jumamosi nilisema beringi ni bora. Nilikosea. Nilijaribu kwenye lami, na maji hayako kwenye lami. Kwa lami, chukua beringi. Kwa mchanga, chukua ya apa." Ningeweza kuishia hapo. Watu walikuwa wameanza kupiga makofi, na apa alikuwa ananiangalia. "Na la nyuma la apa bado linakwaruza."

Yule mama wa juzi akashika kiuno. "Wewe mtoto hushibi?"

Apa akaja, akapiga goti mchangani, na akatoa nyundo kwenye mfuko wa koti. Alikuwa amekuja nayo. Akageuza gurudumu, akanionyesha kichwa cha msumari kimoja kilichochomoza, akakigonga mara tatu mpaka kikalala.

"Huu msumari niliujua tangu siku ya kwanza," akaniambia peke yangu. "Nilikuwa nangoja nione kama leo utaacha kuutaja."

Mama alivutia maji kwa magurudumu yale mpaka mdogo wetu wa mwisho akawa mkubwa wa kuuvuta ubao mwenyewe. Na mimi nikapata jina. Mtu akinunua jiko jipya, kamba, sandali za tairi tunazoita akala, aliambiwa peleka kwanza kwa Akiru. Hata miaka ya themanini, nikiwa nimeolewa na nina watoto, wanawake wa kutoka Burat, nje ya mji, walinijia na sufuria mkononi. "Sema, mama, hii inafaa?" Nilipika nayo wiki nzima kabla ya kufungua mdomo.

Sasa nina mjukuu, Makena. Amekuja likizo na sketibodi kutoka Nairobi, yaani ubao wa nyoka wa siku hizi, na mtu amemtumia magurudumu mapya ayasifie kwenye simu. Anapanga chupa za soda kwenye lami, anapita katikati yake akijipinda. Nitasema kweli, anajipinda kutushinda sisi. Lakini juzi nilimsikia akiiambia simu, "Hizi ndizo noma kuliko zote, tena zinaenda kila mahali."

"Kila mahali wapi?" nikamuuliza.

"Shosho, ni video tu."

"Umefika nazo mtoni?"

Akanuna, lakini akaenda. Alirudi sketibodi ikiwa kwapani, mchanga mpaka kwenye nywele. "Shosho, kwa mchanga zimekufa kabisa."

"Mimi najua. Waambie hao."

Akakaa mlangoni. Akasema aliyemtumia magurudumu atakasirika. Nikaendelea kuchagua maharagwe. Mwisho akainua simu, akasema yote, hata mahali alipoanguka.

Siku hizi lami haiishii kwetu tena. Inaenda mpaka Moyale, na ukimuuliza kijana mahali ilipokuwa inakatika, anakuangalia kama umeanza kusahau mambo. Sisi tulikuwa na watu ishirini wa kutusikiliza, na wote walijua mlango wetu. Makena ana maelfu, na hakuna hata mmoja atakayekuja kumuuliza maji yamemwagikia wapi. Kwake kusema kweli ni kugumu kuliko kwangu, nami nakubali hivyo.

Gurudumu moja la apa bado lipo, linazuia mlango wangu wa jikoni usipigwe na upepo. Makena alilielekezea simu. "Na hili, Shosho? Wanauliza ni zuri?"

Nililiinua, nikaupapasa ule msumari uliolala.

"Kwa mchanga halina mwenzake," nikasema. "Kwa lami ni zito."